MacPherson na Mhimili Tusioujua kwa Jina

Juma lililopita gari langu lilianza kugonga upande wa mbele kila nilipokanyaga shimo katika barabara ya Njoro kuelekea Nakuru. Fundi aliinama, akachungulia, akatoa hukumu kwa neno moja: shoki. Mimi ni mtu wa isimu. Neno moja likibeba maana mbili, silali. Kifaa kilipofunguliwa niling'amua kwamba jina hilo halikitoshi. Kazi ya shoki ni kutuliza mrukoruko wa springi, basi. Kifaa hiki, zaidi ya kutuliza, hubeba uzito wa gari kupitia springi iliyokizunguka. Na tena hugeuka pamoja na gurudumu dereva azungushapo usukani. Mimi nitakiita mhimili.

Aliyeubuni, Earle MacPherson, alizaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Illinois, Marekani, akahitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1915. Alipitia viwanda kadhaa vya magari kabla ya kujiunga na General Motors mwaka 1934. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, alikabidhiwa mradi wa gari dogo la bei nafuu, Chevrolet Cadet. Hapo ndipo fikira yake ilipochipuka. Kwa nini gurudumu lishikwe na mikono miwili, juu na chini, ilhali nguzo moja yenye springi na shoki ndani yake ingeweza kuchukua nafasi ya mkono wa juu? Nguzo hiyo ingekuwa na vipande vichache na kuiachia injini nafasi.

Mwaka 1947 wakubwa wake waliufuta mradi. MacPherson hakuizika fikira yake pamoja nao. Alihamia Ford, na mwaka 1950 magari ya Consul na Zephyr yalizinduliwa Uingereza yakiwa na mhimili wake mbele. Alipanda hadi kuwa makamu wa rais wa Ford aliyesimamia uhandisi, akastaafu mwaka 1958 na kufariki mwaka 1960.

Huku kwetu mhimili huo ulitahiniwa mapema. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953. Mwaka 1955 Vic Preston na D. P. Marwaha waliyashinda kwa Ford Zephyr. Leo magari mengi madogo yapitayo Nakuru, Probox ikiwemo, husimama juu ya fikira ya mtu huyu, na aghalabu wenyewe hawajapata kulisikia jina lake.

Je, jina lina maana gani kwa abiria? Lina maana kubwa. Mhimili ukichakaa, gurudumu hudunda badala ya kushika lami, na gari huchelewa kusimama. Dereva wa mteremko wa Salgaa hana anasa ya kuchelewa. Dalili zake si fumbo: mafuta yanayochuruzika kwenye mwili wa nguzo, pua ya gari kuinama mno breki zikikanyagwa, matairi kulika kwa mabaka. Mihimili hubadilishwa miwili miwili, kushoto na kulia, na raba na beringi ya juu zikaguliwe papo hapo. Kisha magurudumu yapimwe upya mwelekeo wake.

Kuna onyo moja ambalo neno shoki hulificha. Shoki tupu huweza kufunguliwa bila hofu kubwa. Mhimili, la hasha! Nati ya katikati juu yake isiguswe kabla springi haijabanwa kwa kibanio maalumu, kwani springi hiyo ikifyatuka huweza kumuua fundi. Kijana anayejifunza ufundi kwa neno lisilopambanua vitu hivi viwili amefundishwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye mauti.

Walimu wenzangu, msitahini istilahi kwa ajili ya alama tu. Siku moja mpelekeni mwanafunzi gereji, mwulizeni kila kifaa kinaitwaje, na kwa nini. MacPherson alitenganisha kazi za vifaa akilini mwake kabla ya kuziunganisha kwa chuma. Nasi tuanze kwa kuzitenganisha kwa maneno.