Daktari wa Jicho Moja

Wanachama wenzangu, je, mnamjua Denis Burkitt? Alizaliwa Ireland mwaka 1911, na akiwa na miaka 11 akapoteza jicho moja. Hakukata tamaa. Akawa daktari mpasuaji, na mwaka 1946 akaja Uganda.

Mwaka 1957, pale Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote. Ilikuwa saratani, nayo iliua watoto upesi. Burkitt hakuwa na maabara kubwa. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakazunguka maili 10,000 wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Waligundua ugonjwa huo hupatikana zaidi nchi za joto, zile zile zenye malaria. Sisi wa Meru na Embu tofauti hiyo tunaijua: huku mlimani baridi, kule Mbeere na Tharaka joto na mbu.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London, na mwaka 1964 virusi vikaonekana ndani ya seli zake. Dawa nazo zikaponya baadhi ya watoto.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Leo watu wanabishana: je, ni haki kuharibu kiinitete cha binadamu ili tupate seli za tiba? Mwaka 2007 Shinya Yamanaka wa Japani na wenzake waligeuza seli za ngozi ya mtu mzima zikawa kama za kiinitete, bila kuharibu kiinitete chochote. Basi njia nyingine ipo, ila yataka subira kama ya Burkitt. Wewe daktari wa kesho, utafuata ipi?