J. L. Austin: Maana ya Sentensi, Ukweli na Jina la Sumbawanga

John Langshaw Austin alizaliwa Lancaster, Uingereza, mwaka 1911, akakulia St Andrews, Uskoti. Alisoma Oxford, na tangu 1935 alifundisha falsafa katika Chuo cha Magdalen. Enzi hizo wanafalsafa wa mkondo wa Vienna walishikilia kwamba sentensi arifu huwa na maana pale tu ukweli wake unapoweza kupimwa, ama kwa mantiki ama kwa ushahidi. Amri, viapo na ahadi ziliachwa kando.

Vita Kuu ya Pili ilimpeleka katika idara ya ujasusi wa kijeshi. Kazi ya kupima taarifa zilizotumiwa kuandaa uvamizi wa Normandia wa 1944 ilikuwa yake kwa sehemu kubwa. Aliporudi Oxford, alitoa mwaka 1950 makala kuhusu ukweli, akibishana na P. F. Strawson. Alidai kuwa kinachokuwa kweli si sentensi yenyewe, bali kauli inayotolewa na mtu fulani, mahali fulani, kuhusu hali fulani. Kwa mfano, kusema kwamba Ufipa ni tambarare kwamtosha msafiri aliyepanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa. Mpima ardhi hatairidhia kauli hiyo hiyo.

Mwaka 1952 alipewa uprofesa wa falsafa ya maadili, na 1955 akatoa mihadhara Harvard. Humo alionyesha kuwa zipo sentensi zisizoeleza jambo bali hulitenda. Mume atamkapo talaka haarifu kuhusu talaka, anaitoa. Tamko hilo haliulizwi kama ni kweli, bali kama limetimiza masharti yake. Baadaye katika mihadhara hiyo hiyo Austin aliutilia shaka mpaka aliouchora mwenyewe, kwani hata kuarifu ni kutenda.

Jina la Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, laonyesha uzito wa hoja hiyo. Kwa maelezo yanayojulikana zaidi, jina hilo ni amri: tupa uchawi. Amri haina ukweli wala uongo, lakini maana yake ni bayana kwa kila aielewaye. Hata hivyo, aambiwaye atupe kitu hudhaniwa anacho. Kwa sababu hiyo wengi walio mbali na Ufipa wameligeuza katazo kuwa taarifa, na mji ulioitwa kwa kuukataa uchawi ukasifika kwa uchawi. Kosa si la maana ya maneno. Ni la kulichukua tendo moja la usemi kuwa jingine.

Kosa la aina hiyo laweza kugharimu uhai. Kumwita mtu mchawi kuna umbo la taarifa, lakini mara nyingi ni shutuma na hukumu kwa pamoja, na nchini Tanzania wazee, hasa wanawake, wameuawa kutokana na matamko hayo. Anayesubiri kuthibitisha ukweli wa sentensi hiyo huenda akachelewa, maana tendo limekwisha kufanyika.

Austin alifariki Februari 1960 kwa saratani ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 48. Mihadhara ya Harvard ilichapishwa 1962, na mwaka 1969 John Searle, aliyesoma Oxford, akaipanua nadharia hiyo. Semantiki ya masharti ya ukweli imeendelea kustawi. Alichoiachia Austin ni sharti moja: kabla ya kuuliza kama sentensi ni kweli, sharti ijulikane msemaji ametenda nini kwa kuitamka.