Jerome na Biblia ya Kiebrania

Tukifungua Agano la Kale tunasahau upesi kwamba liliandikwa karibu lote kwa Kiebrania, na sehemu kidogo kwa Kiaramu. Zamani, mu kanisa la Magharibi, ni wachache sana waliojua lugha ile. Mmoja wao ni Jerome.

Alizaliwa Stridon kadiri ya mwaka 347, akasoma Roma. Nyuma ya hapo akaenda kukaa mu jangwa la Siria, kufunga na kuomba. Kule mawazo mabaya yalimsumbua, basi akatafuta kazi ngumu ya kuyashinda: kujifunza Kiebrania kwa Myuda mmoja aliyemwamini Kristo. Ile lugha ilimchokesha, tena wakati ule iliandikwa bila alama za vokali. Mara mingi aliacha, kisha akarudi. (Sisi tunachoka na Kilatini nyuma ya juma moja tu!)

Mwaka 386 akakaa Betlehemu pamoja na Paula, mama tajiri wa Roma, na binti yake Eustochium. Hawa wanawake nao walijifunza Kiebrania hata wakaimba Zaburi kwa lugha ile, na ni feza za Paula zilizojenga nyumba zao za watawa. Tunaona watu wanamsahau Paula bure. Mwalimu Baraninas, naye Myuda, alikuja kumfundisha Jerome usiku kwa kuogopa wenzake.

Biblia za Kilatini za siku zile zilikuwa zimetafsiriwa toka Kigiriki. Jerome akaanza upya toka Kiebrania chenyewe, kadiri ya mwaka 390 mpaka 405. Makelele yakatokea! Mu mji wa Oea, ndiyo Tripoli ya Libia, watu walisikia kanisani kwamba mmea uliomtilia Yona kivuli si boga tena, ni hedera, mmea wenye kupanda ukutani. Walikasirika hata askofu wao karibu abaki peke yake. Augustino akamwandikia Jerome juu ya jambo hilo. Yeye akajibu kwamba mmea wa Kiebrania una majani makubwa na unasimama wenyewe, lakini Kilatini hakina jina lake. Wataalamu wengi leo wanafikiri ni mbarika. Kumbe boga si boga, na hedera si hedera! Hata hivyo hatuwacheki watu wa Oea. Mkristo akigeuziwa neno alilolizoea toka utoto, anajiuliza kama na mengine yatageuka.

Mu Kutoka 34 alikuta neno lenye konsonanti za pembe, nalo laweza kusema kung'aa. Akaandika pembe. Ndiyo sababu Musa wa Michelangelo kule Roma ana pembe kichwani.

Jerome aliandika pia kwamba vitabu visivyo mu hesabu ya Waebrania viwekwe kando. Waprotestanti wa karne ya 16 walifuata hesabu hiyo, na Agano letu la Kale lina vitabu 39.

Alikuwa mtu mkali, hata na rafiki yake Rufino waligombana vibaya. Alikufa Betlehemu kadiri ya mwaka 420, akiwa bado anaeleza kitabu cha Yeremia. Alikuwa amefika sura ya 32.