Ivan Pavlov: Mazoea na Hofu
Ivan Pavlov alizaliwa mwaka wa 1849 mjini Ryazan, Urusi. Ingawa alikuwa mwana wa kasisi, aliiacha seminari mwaka wa 1870, akaenda St Petersburg kusomea sayansi. Utafiti wake kuhusu usagaji wa chakula ulimtunukia Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904. Alibaini kuwa mbwa aliyezoeshwa kusikia mdundo fulani kabla ya kulishwa hudondokwa na mate ausikiapo tu. Mwaka wa 1924, mji huo ukiitwa Leningrad, mafuriko nusura yawazamishe mbwa wake. Waliokolewa, ila baadhi yao walipoteza mazoea waliyofunzwa. Hapo Pavlov akatambua kuwa hofu ya ghafla hubomoa kilichojengwa kwa subira. Alifariki mwaka wa 1936.