Max Wilms, Bingwa wa Uvimbe wa Figo za Watoto

Zamani mtaani kwetu, mama mmoja alikuwa akimwogesha mwanawe wa miaka mitatu, mkono wake ukagusa uvimbe mgumu ubavuni. Mtoto halii, anacheza. Sisi majirani tukasema ni bandama. Wengine wakasema ni kijicho. Akakandwa mafuta kila jioni. Alipofikishwa hospitali, maji yalikwisha kuzidi unga. Daktari aliutaja ugonjwa ule kwa jina la mtu, Wilms, nami tangu siku hiyo nikataka kumjua mwenye jina.

Max Wilms alizaliwa Ujerumani mwaka 1867. Kabla ya kuwa bingwa wa upasuaji, alichungua sana vipande vya maradhi kwa hadubini. Mwaka 1899 alitoa kitabu juu ya uvimbe huo wa figo. Si yeye aliyeuona kwanza, lakini ndiye aliyeufafanua. Ndani yake mlikuwa na misuli na hata gegedu, vitu visivyo vya figo. Wilms akaeleza kuwa vyote vyatokana na chembe changa za tangu mtoto yu tumboni mwa mamake. Ndiyo maana saratani hii, ingawa ni nadra, huwapata hasa watoto walio chini ya miaka mitano.

Zama zake tiba ilikuwa kisu, na wengi walikufa. Baadaye ikaja mionzi, na katika miaka ya 1950 Sidney Farber wa Boston, Marekani, akaongeza dawa ya aktinomaisini. Leo madaktari hupiga picha za tumbo, huiondoa figo yenye ugonjwa na kutia dawa. Katika nchi tajiri, watoto kama tisa kati ya kumi hupona, nao huishi kwa figo moja iliyobaki.

Wilms hakuyaona hayo. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, alikuwa profesa huko Heidelberg. Akaletewa mateka, ofisa wa Kifaransa aliyezibwa pumzi na maradhi ya koo. Hakujali uadui, akampasua ili apumue. Mfaransa akapona, Wilms akaambukizwa dondakoo, akafa akiwa na miaka 50.

Basi kina mama, mkigusa uvimbe tumboni mwa mtoto, au mkiona damu katika mkojo wake, msilikande tumbo, kwani uvimbe waweza kupasuka. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mauti ni amri ya Mola, lakini kuchelewa ni kwetu wenyewe.