Major Taylor na kinga isiyo na freni

Huku kwetu Kilibula kinga ni chombo cha kazi. Inabeba makala, ndizi, mabidoni ya maji, na siku zingine mgonjwa. Ukionyesha vijana wetu kinga isiyo na freni, watakuambia imekufa, ipelekwe kwa fundi. Lakini kuna kinga inayotengenezwa bila freni kwa kusudi, ile ya kukimbilia ndani ya velodromu. Na mutu mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia juu ya kinga ya namna hiyo alikuwa mtoto wa mtumishi wa farasi. Ni Marshall Walter Taylor, aliyejulikana kama Major Taylor.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1878, mji wa Indianapolis, Marekani. Baba yake, Gilbert, aliendesha gari la farasi la familia moja ya wazungu matajiri, familia ya Southard. Marshall akawa rafiki wa kucheza wa mtoto wao, na kwa hao ndipo alipopata kinga yake ya kwanza. Baadaye wale matajiri wakahamia Chicago. Mama akakataa mtoto asiende nao. Basi Marshall akarudia maisha ya wenzake, akawa anagawa magazeti kwa kinga.

Karibu mwaka 1892 maduka ya kinga ya Hay & Willits yalimwona akifanya michezo juu ya kinga, wakamwajiri. Asubuhi alifagia, mangaribi alivaa koti la kisoda akacheza mbele ya duka ili wateja waingie. Mushahara ulikuwa dola 6 kwa juma, pamoja na kinga. Jina la Major lilitoka kwenye lile koti, hakuwahi kuwa soda hata siku moja.

Halafu akakutana na Louis Munger, muzungu aliyekuwa mkimbiaji zamani na sasa anatengeneza kinga. Huyu ndiye alimfundisha kazi, na mwaka 1895 wakahamia pamoja Worcester, kule Massachusetts.

Tueleze kidogo ile kinga, maana wasomaji wetu ni watu wa mikono na vyuma. Gurudumu la nyuma lina meno yaliyokazwa moja kwa moja kwenye moyo wa gurudumu, hakuna kuzunguka bure. Gurudumu likienda, pedali zinaenda. Ukitaka kupunguza mwendo, unakaza miguu kinyume. Freni zimeondolewa kwa sababu watu wanakimbia wakishikana karibu bega kwa bega, na mmoja akisimama ghafula wa nyuma wote wanaanguka juu yake. Pedali zinawekwa juu kidogo zisiguse ubao, kwa sababu njia ya velodromu imeinama kwenye kona. Gido iko chini. Taylor alipenda gido isogee mbele, na kile chuma cha kuisogeza hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Anayeunganisha kinga yake ya kwanza ya velodromu aanze na fremu inayolingana na miguu yake, na aangalie shene inyooke sawasawa. Rangi inakuja mwisho.

Na mipira ya magurudumu? Dunlop alileta mupira wa hewa mwaka 1888. Miaka ile ile Ulaya na Marekani wakaanza kununua kinga kwa wingi, kautshu ikapanda bei, na huku kwetu Leopold II akawalazimisha babu zetu kuitafuta porini kwa fimbo na bunduki. Furaha ya velodromu ilikuwa na upande huo pia. Hatumlaumu Taylor juu ya hilo, yeye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa watu waliotoka utumwani.

Mwaka 1894 chama kikubwa cha waendesha kinga cha Marekani kilipiga kura weusi wasiwe memba. Desemba 1896 Taylor aliingia mbio za siku sita pale New York, ana miaka 18, akamaliza wa nane baada ya kilometa zaidi ya 2,700. Ilipofika 1897, kule Taunton, mkimbiaji mmoja aliyeshindwa alimkaba koo mpaka akazimia. Akapigwa amende ya pesa tu, akarudi kukimbia.

Kinachotuuma zaidi siye wa sendika ni mwaka 1898. Wakimbiaji walijitenga, wakaunda sendika yao. Kudai haki kwa patro ni jambo jema, lakini wao walipanga mbio siku ya Mungu, wakati Taylor, mubatisti wa kweli, hakukimbia Jumapili. Alibaki nje. Ndani ya mbio walimfungia njia, watatu wanne wakimzunguka ili mwenzao ashinde. Umoja wa wafanyakazi uligeuzwa kuwa kamba ya kumfunga mfanyakazi mmoja. Mwaka 1900 walimpokea tena, akilipa amende ya dola 500.

Kati ya hapo alikuwa ameishaenda Montreal, Agosti 1899, akawa bingwa wa dunia wa maili moja. Mwaka 1901 Paris ikajaa kumwangalia dhidi ya Mfaransa Edmond Jacquelin, uwanja wa Parc des Princes. Siku ya kwanza kulikuwa baridi, akashindwa. Siku kumi na moja baadaye akarudi akashinda. Alikimbia hadi Australia, na binti yake, aliyezaliwa Sydney mwaka 1904, akapewa jina la mji ule.

Aliacha mbio mwaka 1910. Pesa zikaishia kwenye biashara zilizoanguka, kisha maradhi. Mwaka 1928 alichapisha mwenyewe kitabu cha maisha yake, akakiuza mlango kwa mlango. Tarehe 21 Juni 1932 akafia Chicago, chumba cha hospitali ya masikini, akazikwa kaburi lisilo na jina. Mwaka 1948 ndipo wakimbiaji wa zamani walichanga, na Frank Schwinn, mwenye kiwanda cha kinga, akatoa pesa. Wakamfukua, wakamzika upya mahali pazuri zaidi kwenye makaburi yale yale, na safari hii wakaweka bamba lenye jina lake.