Emin Pasha na Askari wa Rejaf

Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii. Mwaka 2012 nilikuwa Juba, nikisimamia wafanyakazi wa ghala la tajiri mmoja. Mwezi wa Januari mwaka ule serikali ya Sudani Kusini ilisimamisha uchimbaji wa mafuta, fedha zikawa haba mjini, na tajiri wetu akakaa miezi mitatu bila kutulipa. Wala hakutuambia neno. Watu wakaanza kuchelewa kazini, na wengine wakaacha kunisalimu. Jumapili moja nilikwenda Rejaf, mwendo mfupi kusini mwa Juba, nikakaa karibu na kile kilima chenye ncha kilicho kando ya mto Nili. Hapo nikamkumbuka Emin Pasha, kwa maana mahali pale pale yeye naye alikuwa na watu waliokosa mishahara yao.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1840 katika mji wa Oppeln, ambao leo uko Poland, akaitwa Eduard Schnitzer. Alisomea udaktari Ujerumani, kisha akafanya kazi katika nchi za Waturuki, akajipa jina la Emin, yaani mwaminifu. Mwaka 1876 alifika Lado, kaskazini ya Rejaf, awe daktari wa jimbo la Ikweta, lililotawaliwa na Misri. Liwali wa jimbo siku hizo alikuwa Mwingereza Gordon. Mwaka 1878 Emin mwenyewe akafanywa liwali.

Alikuwa mtu mwembamba, haoni mbali, mpenda vitabu na ndege. Kazi yake ilikuwa ngumu. Askari wake wengi walikuwa Wasudani, na maofisa wengine walikuwa Wamisri walioletwa huko kwa adhabu. Mwaka 1883 njia ya Khartoum ikafungwa na vita vya Mahdi. Merikebu ya moshi iliyoondoka Lado mwezi wa Aprili haikufuatwa na nyingine. Tangu hapo hapakuja nguo, wala risasi za kutosha, wala mshahara.

Basi alifanyaje? Aliwafanya watu walime mashamba katika kila boma. Pamba ya pale pale ikafumwa nguo, sabuni na viatu vikatengenezwa, na asali ikawa badala ya sukari. Yeye mwenyewe alitibu wagonjwa. Hivyo watu wale walidumu miaka kadhaa bila fedha. Hili ni jambo kubwa, nalo latufundisha kwamba mtu hafanyi kazi kwa ajili ya mshahara peke yake. Akishiba, akivaa, akimwona mkubwa wake naye anashika kazi, atavumilia mengi.

Lakini uvumilivu una mwisho. Mwaka 1885 jeshi la Mahdi liliteka boma la Amadi, naye Emin akaona heri kuhamia kusini. Alihamia Wadelai, akataka kikosi cha kwanza, kilichokuwa Rejaf na maboma ya jirani, kimfuate. Wakakataa. Hawakusadiki kwamba Khartoum imeanguka. Kwao njia ya kwenda Misri ilikuwa mto, nao mto waenda kaskazini. Aliyewaambia waende kusini walimdhania kuwa anataka kuwauza. Emin naye alikuwa mtu wa kusitasita: leo ataka hili, kesho lile. Wao walikuwa Rejaf, yeye Wadelai, na katikati uvumi ukajaa.

Mwaka 1888 Stanley alifika Ziwa Albert kumwokoa, akaleta barua ya mtawala wa Misri: atakayeondoka atalipwa malimbikizo yake, atakayebaki ajitegemee. Lakini msafara wenyewe ulikuwa wa watu wenye njaa na nguo zilizoraruka. Askari wakauliza, je, hawa kweli wametumwa na serikali? Mwezi wa Agosti maofisa wakamkamata Emin kule Dufile, wakamvua uliwali. Mwezi wa Oktoba watu wa Mahdi wakaiteka Rejaf, na waliojaribu kuirudisha wakashindwa, wengi wakafa.

Mwaka 1889 Emin aliondoka na Stanley, wakafika Bagamoyo mwezi wa Desemba. Usiku wa karamu alianguka kutoka ghorofani, akaumia vibaya. Alipopona aliingia katika kazi ya Wajerumani, akajenga boma la Bukoba mwaka 1890. Mwaka uliofuata aliwakuta askari wake wa zamani chini ya Selim Bey karibu na Ziwa Albert, lakini wengi wao hawakutaka kumfuata tena. Mwaka huo huo akaja Lugard, akakubali kwamba wao ni watu wa mtawala wa Misri, na kwamba ataomba ruhusa yake kwanza. Wakamfuata Uganda. Emin aliuawa mwezi wa Oktoba 1892 katika nchi ya Kongo, kwa amri ya wafanyabiashara wa watumwa.

Na wale askari? Mwaka 1897 waliasi tena, huko Uganda, kwa sababu ya safari zisizokwisha na ujira mdogo uliochelewa. Baada ya damu kumwagika, ujira ukaongezwa. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo na Kibera.

Nilirudi Juba jioni nikiyafikiri hayo. Asubuhi nilikwenda kwa tajiri nikamwomba ruhusa, nikawaita wafanyakazi wote, nikawafungulia daftari: fedha zilizopo ni hizi, deni la kila mtu ni hili, na kila wiki tutagawana kidogo. Wawili walichukua haki yao wakaenda zao, wala sikuwalaumu. Waliosalia walibaki mpaka deni likaisha.

Ninyi mlio shuleni, baadhi yenu mtakuwa wasimamizi wa watu. Mkikosa fedha, msikose kusema kweli, tena mapema, tena kwa kinywa chenu wenyewe. Emin alistahimili kukosa fedha miaka mitano. Kuaminiwa kulipomwishia, hakustahimili hata mwaka.